Matarumbeta Mawili ya Fundi Yotham

Fundi Yotham alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wa Kikuyu, mtaa wa Dodoma alikoishi. Ukitembea naye, ilibidi uwe kushoto kwake. Ukijisahau ukahamia kulia, alikuzunguka kwa nyuma kimyakimya, akaibukia upande anaoutaka, na mazungumzo yakaendelea kama hakuna kilichotokea. Kanisani alikalia mwisho wa benchi, upande wa kulia, bega likigusa ukuta. Mgeni akitangulia kukaa pale, Yotham alimsimamia kichwani mpaka mwenyewe aone aibu asogee. Watu wakasema fundi ana maringo. Naye akawaacha waseme, maana aliona bora aitwe mwenye maringo kuliko kuitwa jina lile jingine alilokuwa akilikimbia.

Ukweli ni kwamba sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Halikufa kwa ugonjwa wala kwa ulozi. Liliuawa na kazi. Yotham alikuwa fundi bati, mwenye kibanda karibu na soko la Dodoma. Alitengeneza ndoo, makarai, vibatari na mifereji ya maji ya mvua, mvua yenyewe iliponyesha. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli, na kila siku alikiinamia kwa upande wa kulia, akigonga bati juu ya chuma. Kwa miaka mingi sikio lile lilivumilia, kisha likachoka, likanyamaza.

Kwa nini alificha? Kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa, na mtu wa kuitwa kwenye mashauri. Ndugu wakigombana, aliitwa. Posa ikija, aliitwa. Na alikwisha kuona yaliyompata seremala mmoja jirani, mwenye masikio mazito: watu walianza kwa kumpigia kelele, wakaja kumcheka, mwisho wakaacha kabisa kumwita. Yotham alipenda kuitwa. Aliogopa sana siku ambayo watu watakaa barazani kuzungumza jambo zito, mtu aseme, "Tumwite Yotham," na mwingine ajibu, "Wa nini? Hasikii." Kwa hiyo akajifunza kuzunguka watu kwa nyuma.

Sasa basi, mwaka mmoja kabla ya Mwingereza kushusha bendera yake, Jayantilal akamwita dukani.

Jayantilal alikuwa akiuza na kutengeneza redio na santuri mtaa wa nyuma ya soko, na alizaliwa hapohapo Dodoma, juu ya duka hilohilo. Alikuwa mtu mwembamba, mwepesi wa kufurahi, ambaye akipata kitu kipya hakulala mpaka amwonyeshe mtu. Siku hiyo alikuwa na kitu kipya kwelikweli.

"Fundi Yotham, njoo uone. Hii inaitwa sterio."

Yotham akaona mashine ya kuchezea sahani za santuri, na kando yake spika mbili tupu, hazina sanduku.

"Mbona mbili?"

"Hapo ndipo penye utamu! Santuri ya zamani ina tundu moja. Gitaa, ngoma, mwimbaji, wote wanabanana kutoka mlango mmoja. Hii ina milango miwili. Magitaa yanatoka huku, ngoma zinatoka kule. Na mwimbaji, je? Mwimbaji anatoka kote kuwili, sawa kwa sawa. Basi ukikaa vizuri, masikio yako yanamweka katikati. Mahali ambapo hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hewa tupu, Fundi. Lakini yupo. Unaweza kumwonyesha kwa kidole."

Yotham akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelewa. Moyoni alijua kwamba maneno "masikio yako", yakiwa mawili namna hiyo, hayakuwa yakimhusu.

Alichotaka Jayantilal ni matarumbeta. Alikuwa na mpango wa kukodisha mashine hiyo kwenye sherehe za nje, na sauti ya spika ndani ya sanduku la mbao haifiki mbali uwanjani. Ukiifunga spika kwenye shingo ya tarumbeta la bati, sauti inabebwa mpaka nyumba ya tano. Na nani Dodoma nzima aliyejua kukunja bati kuliko Yotham?

Jozi ya kwanza Yotham aliitengeneza kama funeli za mafuta ya taa, nyembamba, ndefu, zilizonyooka. Wakazisimamisha uani kwa Jayantilal, moja kushoto na moja kulia, wakamweka kitini Kanchan, mke wa Jayantilal, ambaye alikuwa na sikio kali na ulimi mkali zaidi. Sahani yenyewe ilikuwa ya rumba za ng'ambo, na mwanamke aliyeimba aliimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Kanchan akafumba macho.

"Yupo," akasema, na uso wote ukachanua. "Amesimama pale, karibu na kamba ya nguo." Halafu akainama kuchukua kikombe chake cha chai. "Eh! Amekimbia!"

Kila alipojisogeza, mwimbaji alihama. Akiegemea kushoto, mwimbaji alirukia tarumbeta la kushoto. Akiegemea kulia, alirukia la kulia. Majirani walipokuja kuonja, ikawa vita ya kiti, kwa sababu kilikuwa kimoja tu uani chenye mwimbaji, na Kanchan hakuwa mtu wa kuhama.

"Ni umbo la funeli," Jayantilal akasema baada ya kuzunguka uani akisikiliza. "Zinarusha sauti kama tochi. Ukiwa ndani ya mwanga, sawa. Ukitoka hatua moja, giza."

"Na bati linaimba," Kanchan akaongeza. "Mwimbaji akinyamaza, bati linaendelea peke yake."

Yotham akarudi kibandani. Jozi ya pili aliifanya shingo fupi, inayofunguka polepole, kisha mdomo ukatanuka kama ua la boga asubuhi, ili sauti isiende mbele tu bali imwagike pembeni pia. Nje akazungushia magunia yaliyolowekwa lami, bati lisipate nafasi ya kuimba. Akahakikisha moja ni pacha wa mwenzake kila mahali, maana Jayantilal alimwambia kwamba yakitofautiana kidogo tu, mwimbaji atayumba kama mlevi.

Kanchan akakaa tena. Akaegemea huku, akaegemea kule, akachukua chai, akanywa, akairudisha. "Hajaondoka," akasema. "Na kamba ya nguo haijaondoka." Majirani wakakaa kulia na kushoto kwake, nao wakamwona huyo mama wa hewani. Jayantilal akacheka mpaka akashika mbavu. Yotham naye akacheka, kwa kuwa wenzake wamecheka.

Hapo ndipo Jayantilal aliposema lile jambo. Ruthu, binti wa pekee wa Yotham, alikuwa akiolewa baada ya mavuno. Jayantilal alimjua tangu alipokuwa akimletea baba yake uji kibandani. "Zawadi yangu kwa Ruthu ni hii sterio," akasema. "Siku nzima ya harusi. Mimi mwenyewe nitaleta na jenereta."

Yotham akashukuru, lakini papo hapo akawawaza wakwe.

Ruthu alikuwa anaolewa kijiji cha Mtumba, na Methusela, kijana mpole ambaye hakuna aliyekuwa na neno naye. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Bartolomayo. Huyu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilimchosha kila mtu. Kwa desturi ya pale kwao, siku ya harusi koo mbili hukaa pande mbili za uwanja, na chochote kinacholetwa, nyama, togwa, hata moto wa kuota, lazima kifike pande zote sawasawa. Wengine huichukulia desturi hiyo kwa tabasamu. Bartolomayo aliichukulia kwa mizani. Alikwisha kuondoka na ukoo wake wote kwenye harusi ya binamu yake kwa sababu upande wa pili uliwekewa kivuli kizuri zaidi. Bwana harusi akabaki ameshika mkono wa bibi harusi, na nusu ya uwanja ni vumbi tu. Ile ndoa ilichukua mwaka mzima kurekebishwa.

"Baba Ruthu," mkewe Loisi alimwambia, "ile mashine ina pande mbili. Angalia isije ikatuletea mambo."

Laiti angemsikiliza kwa namna nyingine! Kwa maana Yotham, kwa hofu ya kuletewa mambo, aliyaleta mwenyewe.

Jumapili moja kabla ya harusi, Jayantilal na Kanchan walikwenda kwa jamaa zao Kondoa, wakamwachia Yotham ufunguo wa uani afunge vishikio vya kusimamishia matarumbeta. Akavifunga. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu, akawasha mashine, akakaa kwenye kile kiti. Hakuwahi kukikalia. Akasikiliza. Na alichosikia ni kwamba tarumbeta la kushoto linapiga kwa nguvu, na la kulia liko mbali, limefifia, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Mtu mwingine angekumbuka sikio lake. Lakini Yotham alikuwa amelificha lile sikio kwa miaka mingi kiasi kwamba siku nyingine alilificha hata kwake mwenyewe. Na mkono wa fundi ukiona kasoro unawasha. Akajiambia kwamba Kanchan alisema ni sawa kwa adabu tu, kwamba tarumbeta la kulia ni dhaifu, na kwamba siku ya harusi udhaifu huo utawaangukia watu wa Mtumba au watu wake, na ole wake. Akachukua vifaa vyake. Akaliunganishia tarumbeta la kulia pete pana ya bati mdomoni, akalichomelea vizuri, akasikiliza. Bado. Akalikazia spika yake ikae vyema zaidi shingoni, akaligeuza limtazame usoni. Akasikiliza. Sasa yalikuwa sawasawa. Akafunga mlango, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Siku ya harusi upepo wa Dodoma ulitulia kidogo, kana kwamba nao umealikwa. Watu walitoka kanisani kwa vigelegele mpaka nyumbani kwa Yotham. Mbele ya uwanja yakasimama matarumbeta mawili juu ya nguzo, na katikati yake uwazi wa udongo mwekundu uliofagiwa. Ukoo wa bwana harusi ukaketi kushoto, ukoo wa bibi harusi kulia, na kati yao, mstari wa mbele, maharusi. Jayantilal alifika akihema, jenereta imemsumbua njiani. Aliunganisha nyaya kwa haraka hata asitazame midomo ya matarumbeta. Jenereta yenyewe wakaificha nyuma ya zizi ing'urume huko.

Chakula kikaja kwanza. Kwa desturi, hakuna ukoo unaojipakulia. Watu wa upande wa bibi harusi walibeba sinia kwenda kuwahudumia wa Mtumba, na wa Mtumba wakabeba sinia kuja kuwahudumia wa Kikuyu, wakapishana katikati wakitaniana. Bartolomayo alihesabu mifupa ya nyama kwa macho, akaridhika, akatafuna. Yotham akaanza kupumua.

Ndipo Jayantilal akaweka sahani.

Ngoma zilipoanza, watoto waliruka. Magitaa yakaingia. Halafu yule mama akafungua sauti yake, nzito, tamu, na uwanja mzima ukageuza vichwa. Vikageukia kulia. Vyote. Hata kuku mmoja aliyekuwa akipita alisimama.

"Yuko kwetu!" akapiga kelele shangazi mmoja wa Ruthu, na kina mama wa upande wa kulia wakampigia vigelegele mgeni wao wa hewani.

Upande wa kushoto haukupiga kigelegele. Mzee Bartolomayo aliweka chini kikombe chake cha togwa. Akajifuta mikono. Akasimama.

"Mzimeni huyo mama," akasema. Jayantilal akainua sindano, na ukimya ukaingia. "Mkwe wangu Yotham. Nyama tumekula, ilikuwa sawa. Kivuli ni sawa. Lakini mmemleta mwimbaji, mkamkalisha kwenu. Sisi mmetupa mgongo wake. Hii ni nini?"

"Mkwe, mwimbaji yuko katikati," Yotham akasema.

Manung'uniko yakapita uwanja mzima, hata upande wake mwenyewe. Shangazi akacheka, akajiziba mdomo.

"Wewe umemsikia wapi?" Bartolomayo akauliza.

"Katikati."

"Watu wote hawa wamesikia kulia. Mke wako amesikia kulia, nimemwona akigeuka. Wewe peke yako umesikia katikati? Ama mimi ni mtoto, ama wewe unanidanganya mbele ya ukoo wangu, siku ninayokupa mwanangu." Akachukua fimbo yake iliyoegemea kiti. Wazee wa Mtumba walipoona fimbo, nao wakaanza kutafuta viatu.

Yotham akamwangalia Ruthu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama ipasavyo bibi harusi, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kanzu ya Methusela kwa nguvu mpaka kitambaa kimekunjamana. Na Yotham akaona wazi kwamba kuna maneno mawili tu ya kuchagua. Akisema, "Nimedanganya," harusi imekwisha. Akisema lile jingine, yeye ndiye atakayekuwa amekwisha.

"Sikudanganya, mkwe," akasema. "Sisikii. Sikio hili la kulia limekufa siku nyingi. Nilikaa kwenye kiti nikaona tarumbeta la kulia ni dhaifu, nikaliongezea mdomo. Kumbe dhaifu ni mimi. Ndiyo maana kwangu pande zote ni sawa, nikadhani yuko katikati, na kwenu wote yuko kulia."

Jenereta iling'uruma. Yotham akangoja kicheko, kile kilichompata seremala.

Kicheko kikaja, lakini kilikuwa cha Loisi. "Baba Ruthu," akasema, akifuta machozi kwa kitenge, "unadhani kwa nini miaka yote hii nalala na kula na kukaa kushoto kwako? Ulifikiri napapenda?"

"Ulijua?"

"Nani asiyejua nyumbani kwako? Hata mbuzi wanajua wapite upande gani."

Uwanja ukaangua kicheko, pande zote mbili, sawasawa kabisa. Mchungaji akasema kumbe ndiyo siri ya lile benchi. Shangazi akasema basi ndiyo maana alipomwomba mchango wa vitenge akimjia kulia hakujibiwa. Na Yotham, aliyekuwa ametetemeka miaka yote kwa ajili ya siku hii, akajikuta anacheka nao, kwa sababu ni vigumu kubaki na aibu mahali ambapo mkeo anacheka vile.

Bartolomayo peke yake hakucheka. Lakini aliirudisha fimbo kwenye kiti. "Kiziwi hawezi kuwa mwongo kwa asichokisikia," akasema kwa uzito wa hakimu. "Sawa. Rekebisha."

Yotham akaleta mkasi wa bati. Mbele ya wageni wote akaikata ile pete, ikadondoka chini kwa kelele, akakunja ukingo, akalegeza spika irudi mahali pake. Jayantilal akapima kwa kamba tarumbeta hili na lile, akapiga makofi. Sindano ikashuka.

"Yuko kwetu!" wakasema wa kulia.

"Hapana, sasa yuko kwetu!" wakasema wa kushoto.

Jayantilal akajishika kichwa. Matarumbeta yalikuwa yametazama mbele moja kwa moja, kila moja likiwamwagia watu waliokaa karibu nalo, na la mbali likiwafikia kwa ubavu. Maharusi peke yao, waliokuwa kati kabisa, walimsikia mama mahali pake. "Uwanja ni mpana kuliko ua wangu," akasema. "Kanchan alikuwa na majirani wawili. Hapa kuna koo mbili."

"Sasa wamekuwa waimbaji wawili," Bartolomayo akasema. "Ni sawa kwa sawa, silalamiki. Lakini harusi ni moja. Kwa nini waimbaji wawe wawili?" Akatafakari, akiyatazama matarumbeta kama anavyotazama nyama. Kisha uso ukakunjuka. "Kosa nimeliona. Kila upande unajipakulia! Nyama yenu tuliwaletea sisi. Yetu mlituletea ninyi. Haya mabati yamekosa adabu. Tarumbeta lililo kwetu liwahudumie ninyi, na la kwenu lituhudumie sisi. Yapishane, kama masinia."

Jayantilal akageukia nguzo. Akayatazama matarumbeta. Akanyoosha mkono mmoja hivi na mwingine vile, mikono ikapishana mbele ya kifua chake. "Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza, mzee wangu. Walio kushoto, tarumbeta lao liko karibu, basi sauti yake inawafikia kwanza. Lakini likiwapa bega, na la mbali likawatazama usoni, la mbali litapata nguvu ya kushindana nalo…" Hakumaliza. Alikwisha kukimbilia nguzo.

Yotham akashika la kulia, Jayantilal la kushoto. Wakayageuza kwa ndani, mpaka kila moja likatazama ukoo wa pili, na njia za sauti zikakatizana mbele ya maharusi. Sindano ikashuka kwa mara nyingine. Ngoma. Magitaa. Kisha yule mama.

Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Vichwa vya kushoto viligeuka kidogo kuja kati. Vichwa vya kulia viligeuka kidogo kuja kati. Bartolomayo akainua mkono.

"Fumbeni macho wote," akaamuru, "na kila mtu aonyeshe kwa kidole alipo. Asichungulie mtu."

Wakafumba. Watu wa Mtumba na watu wa Kikuyu, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, mchungaji, shangazi, Loisi, Jayantilal mwenyewe. Mikono ikainuka. Yotham hakufumba macho, kwa kuwa kufumba kusingemsaidia chochote. Kwa hiyo katika uwanja ule wote ni yeye tu aliyeona: vidole vya koo mbili, vingine vimenyooka na vingine vinatetemeka kwa uzee, vyote vinaelekea sehemu ileile ya udongo uliofagiwa, ambapo hapakuwa na mtu.

Akapatazama mahali pale. Kwa mara ya kwanza alijua yule mama anasimama wapi. Furaha ikamjaa, lakini na wivu kidogo pia, maana alikuwa amewatengenezea wenzake kitu ambacho yeye hatakionja.

Hapo Ruthu akafumbua jicho moja. Alimwona baba yake anavyopatazama. Bibi harusi hainuki mpaka ainuliwe, kila mtu analijua hilo, na shangazi aliposikia nguo zikichakarika alifumbua macho, akashika kinywa. Ruthu alikwisha kusimama. Akaachia kanzu ya mumewe, akatembea mpaka palepale vidole vilipoelekea, akageuka kumtazama Yotham, na akaanza kutikisa midomo akiifuata sauti ya yule mama, maneno asiyoyajua, mkono kifuani.

Watu wakafumbua macho wakakuta wanamwonyesha bibi harusi kwa kidole.

Vigelegele viliporuka kutoka pande zote mbili, Bartolomayo hakuuliza upande upi ulitangulia. Yotham hakuvisikia vyote. Alibaki amesimama na mkasi wake mkononi, machozi yakimshuka, akimwangalia mwimbaji.